Hesabu ya Mlango wa Jikoni

Wenzake wa darasa la ziada la hisabati walikwisha kwenda zao. Siwema, mtu mzima aliyeanza chuo na mvi zake kichwani, alibaki mbele ya ubao na kipande cha chaki. Alikwisha kuandika hesabu ileile ya kila jioni, mstari kwa mstari, bila kosa. Alipofika kwenye alama ya sawasawa ya mwisho, mkono ukagoma, kama kawaida yake.

"Mama, mtihani ni kesho," alisema Kombo, kijana aliyewafundisha. "Hesabu kama hii ukiiacha hivi utafeli, na safari hii chuo hawatakuruhusu kurudia. Umekwama wapi?"

"Sijakwama, mwalimu. Jibu nalijua tangu wiki jana."

"Sasa si uandike!"

Siwema hakugeuka. "Marehemu mume wangu aliiandika kwenye mlango wa jikoni, akingoja chai. Akaishia hapa. Nilikuja chuo nijue alikuwa anaelekea wapi. Lakini kila nikipika naiona, naona kama katoka kidogo tu, atarudi aimalizie."

Kombo alichukua kifutio, akafuta ubao mzima, ila hesabu ile akaizunguka asiiguse. Kisha akatoka, akaurudisha mlango polepole.

Siwema aliisogeza chaki hadi pembeni mwa ile alama ya sawasawa. Ncha yake iligusa ubao, unga wake mweupe ukamdondokea kiatuni.