Ruhusa ya Pweza

Tangu viumbe wa baharini wapate mashine ya kuwatafsiria maneno, sheria ni moja tu: hutundiki picha ya kiumbe bila sauti yake ya ruhusa. Shebwana, mzamiaji wa kujifurahisha kule Mafia, ana picha ya pweza na mayai yake, imetundikwa sebuleni, kubwa kama mlango. Ukiigusa inasema, "Piga tu, baba. Karibu."

Hiyo ni sauti ya Shebwana mwenyewe, kaibana pua. Maneno ya pweza aliyafuta: "Zima taa, naatamia mayai." Hakuizima. Pweza akatoka kuifukuza taa, samaki chewa akaingia pangoni akayala mayai yote.

Mkewe, Bi Mwanakheri, huisalimu picha kila asubuhi. Leo kasimama mbele yake na miwani ya kuzamia usoni.

"Nimejifunza kuzamia kwa siri, mume wangu. Nipeleke nikawaone watoto wa huyu pweza mwenzangu."

"Bahari imechafuka."

"Imechafuka, na watalii wamejaa majini? Twende bwana!"

Shebwana akabeba mitungi ya hewa, akiomba kimoyomoyo pweza awe keshakufa.

"Mbona midomo inakucheza? Unaomba nini?"

"Naomba tumkute salama."

"Amina," akajibu Mwanakheri.