Mgeni wa Filumena

Gauni la buluu ndilo lililommalizia Grezzju subira. Miaka yote Filumena alikwenda kuonana na yule Mwingereza akiwa na gauni lake jeusi la kanisani. Mwaka huu jeusi lilibaki kabatini. Alipiga pasi la buluu, lile alilovaa kwenye harusi ya binti yao, kisha akapanda juu kuoga.

Grezzju alibaki jikoni na mkate wake wa nyanya, hajaugusa.

Mwingereza huyo aliitwa Tindall. Kila mwaka alikuja Malta, na siku ileile ya Aprili akapanda basi hadi kijijini kwao Attard na kubisha mlango wao. Hakuwahi kuingia ndani. Alisimama barabarani, kofia mkononi, mpaka Filumena atoke, kisha wakaenda zao Ta' Qali, kwenye uwanja wa ndege wa zamani. Wakati wa vita ndege za Waingereza ziliruka na kutua pale usiku na mchana, na mabomu ya Wajerumani yaliupiga uwanja ule mpaka ardhi ikawa kama chujio. Siku hizi mafundi wanauza lesi na vyombo vya kioo katika mabanda ya mabati waliyoyaacha wanajeshi, na vijana wanajifunza kuendesha magari juu ya njia ya kurukia.

"Ni mtu wa wakati wa vita," Filumena alimwambia mumewe mara ya kwanza, na hakuongeza neno.

Yaliyobaki Grezzju aliyajaza mwenyewe. Wakati ule Filumena alikuwa msichana, akimpelekea baba yake chakula uwanjani. Baba alikuwa kibarua, akifukia mashimo ya mabomu ili ndege zipate pa kutua, mpaka bomu likamuua na yeye. Msichana mzuri, na uwanja mzima wa askari vijana walio mbali na kwao. Kulikuwa na nini tena cha kuuliza?

Kwenye klabu ya bendi, wanaume wa kijiji walikokunywa jioni, Wistin kinyozi hakumwacha apumue.

"Grezzju, mgeni wenu kaja?"

"Mgeni wa mke wangu."

"Una bahati, ndugu yangu. Mke wangu hata paka hamfuati. Wako anafuatwa kwa ndege."

Watu walicheka. Grezzju naye alicheka, kisha akaisukuma mbali bilauri yake ya mvinyo.

Mwaka mmoja aliwafuata, akajibanza nyuma ya ukuta wa mawe wa shamba la maharage. Filumena alitangulia na Tindall akafuata kwa mbali, kama watu wasiotaka kuonekana pamoja. Walisimama pale lami inapoishia. Mwingereza alizungumza kwa muda mrefu, kichwa chini. Filumena alitikisa kichwa.

"Bado," alisema. "Siwezi."

"Basi nitarudi mwakani."

Grezzju alirudi nyumbani kabla yao. Bado hawezi kuniacha, alijiambia. Siku moja ataweza. Jioni ile Filumena hakula, akalala ameukabili ukuta, na Grezzju akalala macho wazi kando yake, akimchukia mtu ambaye hakuwahi hata kumnyima salamu.

Na sasa la buluu.

Gari lilisimama nje. Safari hii Tindall alikuja kwa teksi, na sanduku lake lilikuwa kwenye kiti cha nyuma. Alikuwa amekonda mpaka kola ya shati ilimpwaya.

"Samahani, bwana, nimechelewa," alisema. "Tangu nifike nilikuwa nimelazwa hospitali. Ndege yangu inaondoka mchana huu. Nikipata dakika chache tu na mkeo, nitashukuru."

Grezzju alitoka, akavuta mlango nyuma yake. Juu, maji ya bafuni yalikuwa bado yakimwagika.

"Amesema usije tena."

Tindall alimtazama.

"Amesema hivyo mwenyewe?"

"Mwenyewe. Hataki kukuona tena maisha yake yote. Amenituma nikwambie."

Mzee aliigeuzageuza kofia yake. Grezzju alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, hata ngumi alikuwa ameikunja. Lakini Mwingereza aliitikia tu kwa kichwa, kama mtu aliyesomewa hukumu aliyoitarajia.

"Ana haki," alisema. "Daktari amenikataza safari nyingine, ndiyo maana nilitumaini kwamba mwaka huu... Basi. Mwambie nimemwelewa."

Teksi ilikata kona kuelekea barabara kuu. Grezzju aliingia jikoni, akala mkate wake wote, akajikatia na mwingine. Kwa miaka mingi hakuwahi kuonja nyanya tamu namna ile.

Filumena alishuka, nywele zimechanwa vizuri.

"Hajafika?"

"Alifika. Nimemaliza habari yake."

"Umemaliza vipi?"

"Nimemwambia humtaki tena. Nimesema ni maneno yako." Alipangusa midomo. "Mimi ni mumeo, Filumena. Nimechoka kuchekwa na akina Wistin. Mpenzi wako amekwenda zake, na safari hii harudi."

Filumena aliketi kwenye ngazi polepole, akiushika ukuta. Alimtazama mumewe, na Grezzju alishangaa kuona kwamba hakuwa na hasira.

"Baba hakuuawa na bomu," alisema. "Alikanyagwa na lori la jeshi, gizani, taa zimezimwa kwa kuogopa ndege za adui. Tindall ndiye aliyekuwa dereva. Nilimficha kila mtu jambo hilo, wasije wakamdhuru. Miaka yote hii amekuwa akija kuniomba msamaha, na leo ndiyo nilikuwa nakwenda kumpa."