Picha Isiyo na Rula

"Bandama lenye vidonge vidogo vidogo?"

"Sago!"

"Uvimbe wenye damu ya siku nyingi?"

"Chokoleti!"

"Na ini lililovilia damu?"

"Kungumanga!"

Mke wa daktari kijana akafunga kitabu cha mtihani huku akicheka. "Makubwa! Mtu hata chai hajui kuchemsha, halafu magonjwa yake yote yana majina ya jikoni. Hiyo kungumanga yenyewe ya kutia kwenye chai, umewahi kuiona?"

"Ya nini? Si nimeshaikariri?"

Daktari hakuwa na hamu ya utani. Mtihani wa ubingwa wa patholojia alishaanguka mara mbili, na safari hii wakwe walikuwa wameshaalikwa kuja kumpongeza jioni. Akifeli leo, uso atauficha wapi?

Mtahini alikuwa Mama Rula. Jina hilo wanafunzi ndio waliombandika, maana picha ya kiungo ikipigwa bila rula pembeni ya kuonyesha ukubwa, aliirudisha kwa matusi. Siku hiyo, katika chumba cha mtihani, aliketi ametulia, mkoba mapajani, kikombe cha chai mbele yake.

Picha ikajaa ukuta mzima: kitu cha kahawia kilichokatwa katikati, na michirizi myeusi imejipindapinda ndani yake.

Daktari nusura apige vigelegele. Hii hata usingizini angeitambua! Rula haikuwepo, lakini ya nini kuchokoza bahati? Bibi wa watu kazeeka, kasahau.

"Ini la kungumanga," akasema.

"Una hakika?"

"Kabisa, mama."

"Huna la kuniuliza kuhusu picha?"

"Hata moja."

"Haya, nipe habari za mgonjwa."

Hapo akafunguka. Moyo ulichoka, damu ikarudi nyuma ikajaa kwenye ini, miguu ikavimba, marehemu akawa anahema kwa kupanda ngazi tu. Alimweleza vizuri mno, mpaka mwenyewe akamwonea huruma.

"Na ndugu zake tuwaambie nini?"

"Waambieni tulifika tumechelewa, mama. Hakupata mateso mwishoni."

"Maskini," Mama Rula alisema, akatikisa kichwa.

Kisha akafungua mkoba, akatoa kikwaruzo kidogo cha bati pamoja na nusu ya pili ya marehemu, ndogo kama gololi, akaikwaruza taratibu juu ya chai yake.