Mstari Wenye Jina la Siwema

Siku hizi kila nyumba ina kioo ukutani kinachoonyesha michoro ya mioyo ya waliomo, kutoka kwenye bangili wanazovaa. Mwenye moyo usiokwenda sawa haruhusiwi kuendesha chombo cha abiria. Ndiyo maana Siwema alishushwa kwenye treni aliyokuwa akiiendesha, na mumewe Mbaruku akabaki kuendesha ya kwake.

Siwema alijiunga na darasa la kusoma michoro hiyo, auelewe ugonjwa wake. Mwalimu aliwafundisha kutofautisha mapigo yanayofuatana kwa nafasi sawa na yanayokuja ovyo, kisha akawaambia wajishike mkono wayasikilize ya kwao. Ya Siwema yalifuatana vizuri, bila kuruka hata moja.

Alirudi nyumbani akasimama mbele ya kioo. Mstari wenye jina lake ulikwenda ovyo kama kawaida. Mbaruku alikuwa mezani akinywa uji kabla ya zamu.

"Nipe mkono," Siwema alimwambia.

"Wa nini, mke wangu?"

Aliushika. Chini ya vidole vyake mapigo yalisita, yakaruka, yakakimbia, na kila yaliporuka, mstari wenye jina la Siwema ukutani uliruka nayo.

"Ulibadilisha bangili zetu lini?"

Mbaruku aliutoa mkono wake taratibu. "Wewe mgonjwa, Siwema. Imeandikwa pale. Nani atakusikiliza?"

Akachukua kofia yake ya kazi. Siwema alimtangulia mlangoni, akafunga, akaukamata ufunguo kiganjani. Ukutani, chini ya jina la mumewe, moyo mzima wa Siwema ulianza kwenda mbio.