Sakafu ya Sebuleni

Fundi aliipiga sakafu ya sebule kwa nyundo, ikalia kama mtungi mtupu. Akasita.

“Madamu, hapa chini pana uwazi.”

“Vunja tu. Wapangaji wa Ibadan siku hizi hawaingii nyumba isiyo na vigae.”

Hii ndiyo nyumba ya kwanza Olanike kununua. Alikuwa ameuza saluni yake, na mashine zote za kukaushia nywele, ili na yeye aitwe mama mwenye nyumba. Kijana aliyemuuzia alimkabidhi funguo huku akicheka, akamwambia bibi wa chumba cha nyuma ni mpangaji tu, atahama.

Bibi huyo sasa aliingia na bakuli la maji. Akapiga magoti, akalowesha ncha ya kitenge chake, akafuta vumbi sakafuni polepole, kama anayemfuta mtoto uso.

“Mnampiga kichwani,” alisema. “Miguu iko huku mlangoni.”

“Nani?”

“Mume wangu. Tulimzika humu ndani, kama baba zake. Mwanangu hakukwambia?”

“Yule kijana ni mwanao?”

“Wa kumzaa. Na mimi je, amekuuzia bei gani?”

Hakungoja jibu. Alipapasa saruji ubavuni mwa mumewe.

“Hapa ni pangu. Niachie hapa tu, mwanangu. Sitakuchelewesha.”

Fundi aliweka nyundo chini, akavua kofia.

Olanike aliyatazama maboksi ya vigae mlangoni. Kisha akamgeukia fundi.

“Nani kakwambia uache?”