Sweta la Mjukuu wa Nungunungu

Hekaya hii aliisimulia kwanza shangazi yetu, Mwanamkasi binti Shee, mwaka 1961, juma alilozaliwa kaka yangu Athumani.

Bibi Nungunungu alimfumia mjukuu wake mchanga sweta la kuvaa siku ya arobaini, siku ya kutolewa nje. Alilifuma kwa miiba yake mwenyewe, likakaza hata maji yasipenye. Jirani yake Fuko, asiyeona vizuri, naye alileta la kwake, limejaa matundu.

"Shoga, hili ni sweta au chujio?" Nungunungu alimtania.

"Ndiyo macho yangu hayo. Lifanye tambara la jikoni."

Arobaini ikafika, na baridi kali. Lakini bibi alikuwa amempima mtoto siku ya kuzaliwa, miiba ikiwa laini. Sasa ilikuwa imekomaa, ikakwama kwenye sweta. Mtoto akalia, na wageni wanangoja mlangoni.

Wakamvisha la Fuko. Kila mwiba ukapata tundu lake. Mtoto akacheka, akatolewa nje kwa vigelegele.

"Shoga," Nungunungu alinong'ona, "kaa hapa unifundishe kukosea."

Nungunungu na Fuko wamekwisha kufa, na shangazi pia. Athumani yu hai, na yule mjukuu yu hai, hajapata baridi tena.