Jiwe Lenye Masikio

Scovia aliinamia sikio la jiwe, akafungua mdomo, kisha akajinyoosha upesi bila kusema kitu. Ilikuwa mara ya nne asubuhi hiyo. Tangu aingie zamu miguu yake haikutulia.

Jiwe lilikuwa limeletwa Doha kutoka Ugiriki kwa maonyesho ya jumba la makumbusho. Ubavuni lilichongwa masikio mawili makubwa, ili mungu wa kike wa zamani awasikie wagonjwa. Kibao kilieleza kwamba hekalu lake liligeuzwa kanisa, kanisa likageuzwa msikiti, na watu wa dini zote tatu waliendelea kuyanong'oneza masikio hayo. Kikamalizia: "Leo mahali hapo ni magofu, na desturi hiyo imekoma."

Imekoma! Aliyeandika hakuwauliza walinzi.

"Wewe liambie tu," alisema Damaris, mlinzi mwenzake Mkenya aliyekaa naye chumba kimoja mtaa wa Al Mansoura. "Mimi niliomba viatu. Zile za kwanza zilikuwa zinanifinya vibaya. Kesho yake nikapata zingine kwa kabati yangu, saizi yangu kabisa. Na sikuwa nimeambia mtu."

"Mimi ni mlokole, Damaris."

"Na mama yako ni mgonjwa."

Mama yake angefanyiwa upasuaji wa moyo huko kwao Mbale, Uganda. Scovia aliomba likizo, lakini msimamizi wao, Nassoro, alimkatiza kabla hajataja hata neno mama: nafasi ya mwezi huu ni moja, na ina mwenyewe.

Nassoro alikuwa mtu wa Tanga, mkavu, asiyecheka hata kwa kulipwa. Alishinda ghorofani kwenye chumba cha kamera, hedifoni masikioni, na walinzi waliapa anasikiliza taarabu. Alishuka kwa mambo mawili tu: kukagua waya mweusi uliotoka chini ya jiwe, na kugomba.

"Jiwe halisikii!" alifoka siku hiyo. "Acheni ushirikina. Na msinikanyagie waya!"

Alipopanda tu, Scovia aliinama mara ya tano. Akanong'ona yote: Mbale, upasuaji wa Alhamisi, na jinsi alivyoogopa kumzika mama kwa simu. Machozi yalidondokea sikio la mungu asiye wake. Aliona haya, lakini hakuacha.

Saa nane mchana Nassoro alishuka, akamsukumia karatasi. "Likizo yako. Ondoka kesho. Alhamisi isikukute njiani."

Scovia alimkumbatia Damaris kwa nguvu, akaangaza huku na huku, kisha akalibusu jiwe.

Jioni, wageni walipokwisha kutoka, Nassoro alivua hedifoni, akaziacha mezani na kushuka. Naye aliangaza huku na huku. Akainamia sikio.

"Binti yangu anaolewa Ijumaa," alinong'ona. "Nafasi yangu ya likizo nimempa mtu. Ulainishe moyo wa mwanangu, anisamehe."

Kule juu, hedifoni zilirudia maneno yake yote, moja baada ya jingine, mbele ya kiti kitupu.